Nyimbo za metal za kujifunza kwenye gitaa: anza na mkono wa kulia, spidi itakuja yenyewe

Wakuu, karibu kila mtu anayeanza metal kwenye gitaa anakimbilia Master of Puppets ya Metallica, anafungua tabu (yale maandishi ya namba za freti) kwenye simu, anahangaika nayo wee mpaka mkono unakufa ganzi, alafu anasema haya mambo hayawezekani na anarudi zake kwenye sebene. Sasa tatizo sio vidole. Vidole vya kushoto kwenye metal ya kawaida havina kazi kubwa kihivyo, mtu anayepiga kodi za kanisani kila Jumapili ataviweza tu. Kazi iko kwenye mkono wa kulia, huo unaoshika piki (kile kidude cha kupigia nyuzi), na nyimbo nitakazotaja hapa nimezipanga kwa jinsi zinavyoufundisha huo mkono, sio kwa umaarufu wala kwa mwaka. Kama wewe ni mshoto geuza kila ninachosema, Tony Iommi wa Black Sabbath mwenyewe ni mshoto na ndo huyo huyo aliyeanzisha huu mziki wote.

Vifaa kwanza, nitapita haraka. Gitaa la umeme lolote linatosha, ila kama lina hambaka, yaani zile pikapu pana za koili mbili, itakusaidia kwa sababu hazipigi kelele za umeme ukiongeza distoshoni, ile sauti iliyokwaruzwa ya metal. Piki chukua nene, milimita 1 hivi au zaidi, ile nyembamba inayopinda kama karatasi iache kwa ajili ya kodi za kuchapa. Kwenye ampu weka geini (kiasi cha distoshoni) nusu. Nusu kweli, sio nusu ya kwenye akili yako. Geini nyingi inaficha makosa ya mkono wa kulia, kila kitu kinasikika kimejaa na kizito kumbe hujapiga hata noti mbili zilizolingana, siku ukikaa na mpiga dramu ndo aibu inatoka. Na mid (sauti za kati) usiiue. Watu wanaizungusha mpaka sifuri kwa sababu chumbani inasikika tamu, alafu wakiingia na bendi gitaa linamezwa na besi na matoazi hata hulisikii.

Huna gitaa la umeme? Anza na gitaa kavu. Usicheke, rifu (vile vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia) nyingi za mwanzo zinapigika vizuri tu kwenye gitaa kavu, na uzuri wake halifichi kitu. Hata umeme ukikatika mazoezi yanaendelea.

Sasa vitu viwili ambavyo bila hivyo hamna metal. Cha kwanza ni pawa kodi: unachukua noti ya msingi na noti ya tano yake, basi. Mfano G: uzi wa sita (ule mnene kuliko wote) freti ya 3, uzi wa tano freti ya 5. Noti ya tatu, ile inayoamua kama kodi ni meja au maina, tunaitoa, kwa sababu ukiipitisha kwenye distoshoni inagongana na zenzake unapata uji tu. Kwaio pawa kodi haina furaha wala huzuni, ni uzito mtupu, na ndo maana rifu za metal zinategemea sana zinapoelekea kuliko kodi yenyewe ilivyo. Cha pili ni kuziba nyuzi kwa kiganja. Weka ubavu wa kiganja cha kulia, upande wa kidole kidogo, juu ya nyuzi pale pale zinapotokea kwenye brigi (kile kidaraja kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa). Ukisogea mbele kuelekea pikapu sauti inakufa, tap tap tap kama unagonga mbao. Ukirudi nyuma kupita brigi uzi unalia wazi. Katikati hapo kuna sehemu ndogo sana, milimita chache tu, ambapo uzi wa sita unatoa ule mngurumo mfupi, "jug jug jug", una noti ndani yake lakini umebanwa. Itafute hiyo sehemu kabla hujagusa wimbo wowote. Piga uzi wa sita bila kubonyeza chochote, sogeza kiganja kidogo kidogo mbele na nyuma, sikiliza. Mtu akikupita anaweza kudhani umechanganyikiwa lakini ndo kazi yenyewe hiyo.

Wimbo wa kwanza: Iron Man, Black Sabbath, 1970. Uzi wa sita, pawa kodi, anzia freti ya 7, nenda 10, 10, 12, 12, alafu ile sehemu ya kuyumba 15, 14, 15, 14, 15, 14, malizia 10, 10, 12, 12. Umeshamaliza rifu. Tempo ni ya polepole, na hapo ndo wengi wanadanganyika wanasema ni rahisi. Kupiga polepole kwa uzito ni kugumu kuliko watu wanavyofikiria, kwa sababu kila kodi inabidi iachwe ilie muda wake kamili, alafu unateleza kwenda nyingine bila kunyanyua vidole na bila kuwahi. Wanaoanza wote wanawahi. Weka metronomu (ile ya kuhesabia mapigo, hata ya kwenye simu), utaona.

Na ukiipiga hiyo kumbuka ilikotoka. Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 anafanya kazi kiwanda cha chuma Birmingham, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa ni mshoto huo ndo mkono wake wa kubonyeza. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea sahani ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa jazi aliyekuwa anapiga solo kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavibandika ngozi ili vishike uzi, akatafuta nyuzi nyepesi zaidi, na kufikia albamu ya 1971, Master of Reality, alikuwa ameshashusha tyuni mpaka C# kwenye nyimbo kadhaa, nyuzi zilegee zisimuumize. Sasa sikiliza Children of the Grave ya albamu hiyo hiyo. Ule uzito uliokuja kuwa alama ya metal nzima kwa kiasi kikubwa umetokana na mtu anayetafuta namna ya kupiga bila maumivu.

Ukiwa bado kwa Sabbath pitia wimbo unaobeba jina la bendi yenyewe. Noti tatu tu: G ya chini uzi wa sita freti ya 3, G ya juu uzi wa nne freti ya 5, alafu C# uzi wa tano freti ya 4, hiyo ya mwisho unaitetemesha. Umbali wa kutoka G mpaka C# ndo ule unaofanya sikio likose raha, unasubiri ufunguke na haufunguki. Metal imejaa huo umbali, ukishaujua kwa sikio utaanza kuukuta kila mahali. Paranoid nayo, hiyo waliitunga haraka haraka studio kujazia albamu, tempo inazidi kidogo mapigo 160 kwa dakika (BPM), inazunguka kwenye E na D, inaruka G D na kurudi E. Hapa ndo unaanza kuupa mkono wa kulia kazi: piga zote kwa kushuka chini, hamna kupandisha, na kiganja kimeziba.

Smoke on the Water ya Deep Purple (1972) sitaiongelea sana, kila mtu anaijua, ila asilimia kubwa ya watu wanaipiga vibaya. Zile sio pawa kodi za uzi wa sita. Ni nyuzi mbili, wa nne na wa tatu, freti zinazolingana: 0, 3, 5, alafu 0, 3, 6, 5, alafu 0, 3, 5, 3, 0. Ritchie Blackmore anazidonoa kwa vidole, nyuzi zote mbili zinatoka kwa pamoja. Jaribu hivyo uone wimbo unavyobadilika sura.

Breaking the Law ya Judas Priest, 1980, ni ya kujifunza siku moja. A maina, haina solo ya gitaa ya kukutesa, mpaka mwisho. Sababu ya kuiweka hapa ni kwamba Judas Priest walikuwa na magitaa mawili, Glenn Tipton na K.K. Downing, na mziki wao umekatwa vizuri kama kwa kisu, noti inaanza na inaisha pale inapotakiwa kuisha. Kunyamazisha ni nusu ya mziki huu. Ukimaliza kodi nyanyua vidole vya kushoto kidogo tu, viendelee kugusa nyuzi, na kiganja cha kulia kishuke wakati huo huo. Ukisikia mzomo au mlio wa uzi ambao hukuupiga, bado hujaweza.

Enter Sandman, Metallica, 1991. Hapa tukae kidogo maana rifu hii ni darasa. Uzi wa sita mtupu, uzi wa tano freti ya 7, uzi wa nne freti ya 5, alafu uzi wa sita freti ya 6, freti ya 5, na kurudi uzi wa tano freti ya 7. Ukizitaja ni E, E, G, A#, A, E. Umeona? E na A#, ule ule umbali wa Sabbath, lakini huku unapita tu haukai, unaanguka kwenye A na kurudi nyumbani, ndo maana inatisha kidogo na bado mtu anaweza kuitikisia kichwa. Tempo ni 123 hivi, ya kutembea. Ugumu upo kwenye mkono wa kulia kuruka kutoka uzi wa sita mpaka wa nne na kurudi bila kupoteza kiganja, watu wengi wakiufikia uzi wa nne kiganja kinanyanyuka na rifu inakuwa na shimo katikati. Ipige polepole kabisa, 70 hivi, na angalia mkono wako wa kulia, usiangalie wa kushoto.

Kabla hujaenda popote na Metallica pitia pia For Whom the Bell Tolls ya 1984. Ule mwanzo unaolia kama gitaa ni besi, Cliff Burton aliipitisha kwenye distoshoni, kwaio usijitese kutafuta tyuni ya ajabu. Rifu ya gitaa inayofuata ni nzito, haina haraka, yote chini chini chini, na ndo maandalizi ya kile kinachokuja.

Sasa Iron Maiden. The Trooper, 1983, hadithi ya wapanda farasi wa Kiingereza waliotumwa kushambulia mizinga ya Warusi kule Balaclava mwaka 1854, na mziki wenyewe unakimbia kama hao farasi. Mtindo wa mkono unaitwa galopu: pigo moja refu, mawili mafupi. Chini, chini-juu. Chini, chini-juu. Mdomoni useme "taa-taka, taa-taka, taa-taka", na kama mdomo hauwezi kuisema sawasawa mkono hautaweza, anza na mdomo. Anza na uzi wa sita mtupu umezibwa, 80 BPM, mkono utoke kwenye kifundo sio kwenye kiwiko, bega lilegee. Baada ya dakika mbili hivi utaanza kusikia mkono unakaza juu ya kifundo. Simama hapo hapo, kung'uta mkono, anza tena. Usilazimishe kupiga kwenye maumivu, watu wameharibu mikono kwa ubishi.

Wimbo wenyewe unazidi 150 kwaio safari ipo. Ila kuna kitu kingine humo ambacho sisi huku tuna mtaji nacho. Ile melodi ya magitaa mawili, Dave Murray na Adrian Smith, zinakwenda sambamba zikiachana kwa tatu, yaani moja inapiga noti ya tatu juu ya mwenzake kwenye skeli, ndani ya E maina. Mtu aliyekulia kwenye rumba ya Kongo au benga anakijua hicho kitu kwa sikio tangu utotoni, solo inalia kwa tatu na mtu hata hajui inaitwaje. Tafuta mwenzio mmoja apige ya chini we upige ya juu, mkibadilishana. Tofauti na sebene ni kwamba huku noti inavutwa na kutetemeshwa kwa kidole, ina uzito kwenye kila mwisho, haidondoki mbiombio. Na kwenye mashairi bendi inapiga na kukata, Bruce Dickinson anaimba kwenye uwazi, alafu magitaa yanajibu. Mwito na mwitikio mtupu, nani atatufundisha huo?

Walk ya Pantera (1992) nayo inatufaa kwa sababu hiyo hiyo ya kwamba mapigo yake tumeyazoea. Wanaotoka kwenye roki ya mapigo manne ya moja kwa moja wanahangaika nayo maana inahesabiwa kwa tatu tatu, 12/8, ina bembea, na mtu aliyekua anasikia ngoma anaikaa tu. Gitaa limeshushwa takriban toni nzima, rifu ni noti chache mno, uzi mtupu na freti ya kwanza inayovutwa kidogo. Dimebag Darrell, mpiga gitaa wao, alikuwa anaweza kupiga chochote duniani na akaamua kupiga hicho. Usiongeze kitu. Kila ukisikia unataka kuongeza noti, acha.

Crazy Train ya Ozzy Osbourne, 1980, gitaa ni Randy Rhoads, ambaye alikuwa anasoma gitaa la klasiki huku yuko kwenye ziara, akafa kwenye ajali ya ndege Florida mwaka 1982 akiwa na miaka 25. Rifu ni F# maina, noti moja moja, unarudi rudi kwenye uzi wa sita freti ya 2 wakati noti ya juu inapanda na kushuka: uzi wa tano freti ya 4, alafu ya 5, alafu 4, kisha inateremka kwa hatua mpaka E. Cha ajabu ni kwamba ukifika kwenye mashairi wimbo unahamia A meja, unang'aa kabisa, kodi tamu zinapita juu ya A inayobaki chini, kama sio distoshoni ungesema ni wimbo wa sherehe. Metal sio lazima iwe giza mwanzo mwisho. Solo yake iache kwanza, Rhoads aliirekodi zaidi ya mara moja noti kwa noti na kuzilaza juu ya nyingine ndo maana inasikika pana vile, we pata rifu na mashairi safi, solo itakusubiri.

Ukitaka kushusha tyuni, Toxicity ya System of a Down (2001) iko drop C: nyuzi zote shusha toni moja, alafu wa sita jumla toni mbili, pawa kodi unaipata kwa kidole kimoja kilicholala. Ila nyuzi nyembamba za namba 9 au 10 hapo zitalegea kama kamba ya kuanikia nguo, tafuta za 11 au 12. Na sehemu ya mwanzo ni safi bila distoshoni, inazunguka kwa tatu, ndo ugumu wake ulipo, kwenye kubadilisha kutoka upole kwenda kishindo bila kuchelewa.

Haya, Master of Puppets, 1986. Sasa unaweza. Inazidi 200 BPM na James Hetfield anaipiga karibu yote kwa kushuka chini, hapandishi, na hapo ndo ladha yake ilipo kwa sababu pigo la kushuka lina uzito ule ule kila mara. Ukichanganya chini-juu inakuwa rahisi na inakuwa nyingine kabisa, masikio yanajua. Namna ya kuifikia: chukua uzi wa sita mtupu, mapigo mawili kwa kila mlio wa metronomu, anza na 120, kaa hapo mpaka uwe unapiga dakika mbili huku unaongea na mtu. Ukiweza, panda 5. Ukishindwa, rudi 10, sio 5. Shika piki karibu na ncha, ibaki kidogo tu nje, na iinamishe kidogo iukate uzi kwa ubavu. Mwendo wa mkono uwe mdogo kadiri unavyoweza, wanaochoka haraka wote wanapunga mkono kama wanafukuza nzi.

Kuna mtego kwenye rifu ya mashairi, kila kipimo (baa) cha nne kimefupishwa, kinakatika kabla hujakitarajia na duara linaanza upya. Usijaribu kuhesabu sana, sikiliza wimbo mara nyingi mpaka hilo pengo lionekane la kawaida, ndo upige. Na katikati wimbo unapoa kabisa, magitaa safi, melodi za pamoja, na ile solo ya polepole yenye huzuni wengi wanampa Kirk Hammett, mpiga solo wa Metallica, kumbe ni Hetfield mwenyewe. Jifunze hiyo sehemu hata kama spidi bado inakusumbua, haihitaji spidi.

Kuhusu kufanya mazoezi yenyewe: vipimo vinne tu vya wimbo kwa siku vinatosha. Kwenye YouTube punguza spidi mpaka 0.75 au hata 0.5 upige nayo, jirekodi kwa simu, iache simu mbali kidogo sio juu ya ampu, kesho yake ndo usikilize. Makosa ya mkono wa kulia hayasikiki ukiwa unapiga, yanasikika ukiwa umekaa unakula.

Na kama unadhani uko peke yako na huu mziki ukanda huu, Nairobi kuna watu wamekuwa wakiupiga miaka mingi, tafuta Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass, na ukiwa na roho ngumu msikilize Duma, wale wawili wa Nairobi ambao albamu yao ilitoka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ingawa hao gitaa lao usijaribu kulitafutia tabu, ni kelele iliyopangwa.

Ukishamaliza hizi nenda Hallowed Be Thy Name ya Maiden, magitaa mawili tena na galopu ndefu, na uwe na yule yule mwenzio wa kupiga naye tatu, sio mwingine, maana mtakuwa mshazoeana pumzi.